Siku Niliyokalia Hewa

Karatu, Jumamosi mchana

Mwanangu Veronika,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Nimekuona asubuhi ukishuka kwenda Ganako kumuaga mama yako mdogo, umevaa sweta lako la kijani, unaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili kana kwamba ile ya kwanza iko kwa mtu mwingine huko mbele njiani. Yangu utaijua ukimaliza kusoma.

Sanduku nimelifunga kamba. Kesho saa kumi na mbili kasoro nitakuwa nalo stendi. Habari za kutokula vitu vya watu kwenye basi na za joto la Dar, mama yako mdogo atazisema zote leo, na atazirudia. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka tisa. Kulisema kwa mdomo nimeshindwa. Juzi nilikuita jikoni, ukaja, ukasema, "Ndiyo, baba?" Nikakuuliza kibiriti kiko wapi. Kibiriti kilikuwa mkononi mwangu. Ukacheka, ukasema baba ameanza kuzeeka.

Ndiyo maana naandika, na nampa mama Deo jirani aje nayo huko Ganako. Nataka uisome ukiwa kwa ndugu wa mama yako, siyo mbele yangu. Ningekuwepo ungeanza kunihurumia kabla hujamaliza ukurasa, na huruma hiyo nimeshaila sana bila haki yangu.

Nianze na kitu ulichonifundisha mwenyewe. Tangu umalize kidato cha sita ukaanza kwenda kuwasaidia wale mafundi wa mnara wa simu, na yule injinia akakuazima kitabu chake, kila jioni ulikuwa unanipa darasa. Siku moja ulikuwa unakanda chapati, ukamwaga unga mezani, ukachora minara miwili kwa kidole.

"Baba, hizi mashine zina akili kuliko watu," ulisema. "Zinapima hewa kwanza. Hewa ikiwa safi, zinatuma maneno haraka haraka. Ikiwa chafu, zinapunguza mwendo, zinatuma kidogo, zinasubiri upande wa pili useme nimepata."

"Na zisipojibiwa?"

"Zinapunguza tena. Zinarudia."

Ukaniuliza kuhusu redio yetu ya zamani, kama ni kweli mmoja alikuwa anasema na mwingine anasikia tu. Nikakwambia ndiyo, ukibana kitufe husikii chochote, mpaka uachie. Ukasema simu inaweza kusema na kusikia kwa pamoja kwa sababu ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, lakini kuna wataalamu wanaotaka redio iseme na kusikia kwa wakati mmoja, kwenye njia ileile moja.

"Itawezekana?" nikauliza.

"Wanahangaika nayo. Shida siyo mwenzake aliye mbali, baba. Shida ni kelele yake yenyewe. Iko karibu mno na sikio lake, inamfunika yule wa mbali. Kwa hiyo lazima kwanza ijue yenyewe inapiga kelele kiasi gani, ndiyo ichague mwendo wa kutuma na mwendo wa kupokea. Ikikosea hapo, pande zote mbili zinapotea."

Uliyasema hayo huku unasukuma chapati, wala hukuniangalia. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka uliponiita kula. Ulikuwa umeeleza siku aliyokufa mama yako, na hukujua.

Sikiliza sasa.

Wakati ule mimi nilikuwa mtu wa redio kwenye kampuni ya watalii hapa mjini. Lami ilikuwa haijafika, simu za mkononi hatujazisikia. Nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi na redio ya upepo iliyounganishwa kwenye betri ya lori. Kambi zetu zote zilikuwa na redio, na magari pia. Zahanati ya Malambo ilikuwa na yake iliyopewa na parokia, na bosi alikuwa amewaruhusu watumie masafa yetu, maana kule hapakuwa na njia nyingine ya kumwita mtu. Kila asubuhi saa tatu nilikuwa naita vituo kimoja kimoja. Kila kituo kinaeleza shida yake, na wengine wote wanasikia. Siri haikuwepo. Mpishi akiunguza mkate kambini, Malambo wanajua kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni wa darasa la saba, na kazi ile nilijifunza kwa wiki tatu tu, lakini nikawa fundi. Nilisema haraka kuliko wote. Madereva walikuwa wakinitania, "Karatu, unafukuzwa na nani? Ova." Nilifurahi. Huko kwetu Kilimanjaro tulilelewa hivyo, ukichelewa kusema, mwenzako ameshauza.

Lakini nilijua pia kupunguza. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nikisikia mvua kwenye spika, ule mchakacho kama mtu anakaanga bisi, naukata ujumbe vipande. Nasema neno, nasubiri arudie. Nasema lingine. Kule Malambo alikuwepo kijana wa Kimasai anaitwa Lekishon, Kiswahili alikijulia shuleni, na alikuwa anakipanga neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwake nilikwenda taratibu kuliko kwa wote. Nilipokea kwake orodha za dawa mvua ikinyesha na sikukosea hata moja. Kwa hiyo usije ukasema baba hakujua. Baba alijua sana.

Tulikuwa na neno letu, kukalia hewa. Ukibana kitufe bila kuachia, hakuna wa kuingia, hasa kama redio yako ina nguvu kama ile ya Karatu. Wahuni walikuwa wanafanya hivyo kukomoana. Mimi ndiye niliyekuwa nawakemea.

Sasa mama yako. Alikuwa nesi wa kliniki ya parokia, ile inayozunguka. Ulikuwa na miaka kumi, utakumbuka tumbo lake. Ilibaki kama miezi miwili ajifungue. Ikatangazwa safari ya chanjo Malambo, wiki moja. Nikamwambia asiende. Ungedhani nilikuwa namwonea huruma kwa ile mimba. Hapana. Watu walikuwa wanasema mke wa yule Mchaga anajulikana kuliko mumewe, na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa mume wa nesi. Nilimwambia kama amri. Alikuwa anakunja nguo zake, akanitazama.

"Mimi siyo redio yako," alisema, "uniwashe na unizime."

Akaenda. Siku ya tatu akaja hewani mwenyewe kutoka Malambo, zamu ya asubuhi, kuagiza chanjo zilizopungua. Nikamkatiza mara mbili. Akaniacha nimalize, halafu akasema taratibu, kwa sauti yake ile ya kwenye mikutano ya akina mama:

"Baba Vero, ukipata nafasi, jifunze kusikia. Ova."

Mwanangu, kambi zote zilicheka. Mpaka kesho yake kila aliyeniita alianza hivyo. "Karatu, umeshajifunza kusikia? Ova." "Karatu, darasa limefika wapi? Ova." Hata yule mpishi wa mkate. Ukitazama leo utasema ni utani wa kawaida, na ulikuwa utani wa kawaida. Mimi niliuweka moyoni kama tusi.

Siku ya tano mvua ilikuwa kubwa, ni mwaka ule wa El Nino, unaukumbuka, daraja lilisombwa mkakaa nyumbani wiki nzima bila shule. Saa tatu nimeshaanza kuita vituo, Lekishon akaingia nje ya zamu.

"Karatu, Karatu, hapa Malambo. Mama Vero anataka kusema na wewe. Ni muhimu. Ova."

"Malambo, subiri zamu yako. Ova."

 Halafu nikasikia sauti ya mama yako, kwa mbali, mvua ikiikatakata. Alisema, "Baba Vero..."

Nikabana kitufe.

Sikutaka vituo vyote vipate kicheko kingine. Ndilo lililokuwa kichwani mwangu, hakuna jingine. Mbele yangu kulikuwa na karatasi ya mboga za kambi, nilikuwa nimeshaisoma na kujibiwa. Nikaisoma upya. Nyanya kreti mbili, kabichi kumi na tano, karoti, vitunguu, mayai trei nne. Nikaisoma haraka kama wimbo, nikafika mwisho nikaanza tena. Nikaachia kidogo, nikasikia mkwaruzo na kipande cha sauti ya mwanamke, nikabana tena. Sijui ilichukua muda gani. Karatasi ile niliisoma mara nne.

Na hapa ndipo pa kitabu chako. Yeye naye alikuwa amebana kule kwake. Mtu aliyebana hasikii. Kwa hiyo hakujua kwamba nasoma kabichi. Alidhani namsikiliza. Alisema maneno yake yote, mpaka mwisho, akiamini kwamba mume wake yuko upande wa pili kimya, amejifunza.

Kuna mtu mmoja aliyemsikia. Dereva wetu, mzee Akonaay.

Ndiyo, huyohuyo. Nakuomba usiikunje hii karatasi.

Alikuwa amepeleka mbegu Mbulumbulu na gari lilikuwa kule juu, kwenye ukingo unaotazama bonde. Kilima kilikuwa kimenikata mimi, akanisikia kama nzi kwenye chupa. Lakini Malambo aliipata wazi. Alipomaliza kusikia, alilisogeza gari mpaka mahali anaponipata, akaniita.

"Karatu, gari namba nne. Umempata mama Vero? Ova."

"Gari nne, shika kazi yako. Usiingilie mambo ya nyumba ya mtu. Ova."

"Baba Vero, siyo mambo ya nyumba, huyu mama ana..."

Nikamkalia na yeye.

Kuondoka kwenda Malambo kutoka kule alikokuwa asingeweza, mafuta yalikuwa ya kurudi mjini tu. Akashuka. Barabara ya Mbulumbulu wakati wa mvua unaijua, gari lilizama mara mbili. Akaingia kwenye chumba cha redio saa saba na nusu, tope mpaka kifuani, akasema polepole kama anavyosema siku zote, "Mkeo anatoka damu tangu alfajiri. Nipe mafuta." Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Wakati huo na Lekishon, ambaye mvua ilikuwa imemkata tangu asubuhi, akanipata, na mimi sasa nikawa nasikia kila neno.

Mzee aliondoka na gari saa nane. Lingeondoka saa tatu na nusu lingevuka makorongo ya chini ya kreta kabla maji hayajashuka. Saa kumi na moja yalikuwa yamejaa. Wakakaa ng'ambo mpaka asubuhi. Walimpakia kesho yake saa nne, na mama yako akafia ndani ya gari, juu kwenye ukungu, hawajafika geti la hifadhi. Mtoto naye. Alikuwa wa kiume. Hilo pia sikuwahi kukwambia.

Ulivyoelezwa wewe, na ulivyoelezwa mji mzima, ni kwamba Karatu iliagiza gari liende Malambo saa tatu na dakika kumi, ila dereva mzee, Mwiraqw wa watu, alisikia vibaya akadhani ameambiwa abaki Mbulumbulu. Malambo, Mbulumbulu; kwenye redio yenye mvua yanaweza kufanana. Watu walikubali mara moja.

Ile habari niliitunga mimi. Bosi aliponiuliza, daftari la redio lilikuwa limeshaandikwa: saa, kituo, ujumbe. Niliuandika mstari ule kwa kalamu ileile ya siku zote, kwa mwandiko mzuri, jioni ile wakati gari liko ng'ambo ya korongo na mama yako bado anapumua. Nilianza kudanganya kabla hajafa. Mzee Akonaay alijitetea mara moja tu, akasema, "Niliambiwa nisiingilie." Bosi akamwonyesha daftari. Daftari halibishani. Lekishon hakuulizwa na mtu, wala watu wa kambi waliokuwa hewani. Akonaay akaachishwa kazi, na mimi nikaletewa uji na wanawake wa jumuiya, wakanishika bega.

Kutoka hapo akaitwa Mzee Mbulumbulu. Watoto walianza, wakafuata wakubwa. Hata sokoni wanamwita hivyo, wengine hawajui hata jina lake la kweli.

Na wewe. Ulikuwa darasa la saba. Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya misa, na maharage kwenye mfuko, akabisha hodi. Mimi nilikuwa ndani nikamwona dirishani. Wewe ndiye uliyetoka. Alisema, "Mwanangu, nina maneno ya mama yako." Ukamwambia, nakumbuka kila neno, "Wewe Mbulumbulu, maneno ya mama yangu uliyasikia lini, wewe si kiziwi?" Majirani walikuwa njiani wanatoka kanisani, wakacheka. Akauweka mfuko chini, akaondoka. Maharage yale tukala.

Mimi nilikuwa hatua tano nyuma ya mlango. Ningetoka tu. Usiku mwingi nimeutoa mguu ule mlangoni, kichwani mwangu. Siku yenyewe sikuutoa. Na tangu siku ile humwamkii, ukimwona unahamia upande wa pili wa barabara, na mimi nimekuacha, kwa sababu chuki yako kwake ndiyo iliyokuwa inanilinda. Ilikuwa ukuta wangu. Nimemjengea mtoto wangu chuki ili mimi nilale vizuri, na bado sikulala.

Wewe ni mwepesi kusema kama mimi. Unamalizia watu sentensi zao. Huwa nasikia watu wanakusifu, msichana ana akili huyo, na mimi moyo unashtuka. Sikwambii uache. Nakwambia tu kwamba ulipokuwa mdogo ukiniuliza, "Mama alisema nini mwisho?", nilikujibu haraka, "Alikuwa amelala," nikahamisha mazungumzo, na wewe ukajifunza kwangu kwamba maswali mazito hujibiwa haraka. Ulikuwa unaniuliza tena na tena kwa maneno madogo zaidi, kama mashine zako zile. Halafu ukaacha kuuliza.

Leo asubuhi ulipoondoka nilikufuata kwa nyuma mpaka Ganako bila wewe kujua, nikakata kona kabla ya kwa mama yako mdogo. Mzee Akonaay siku hizi anachonga mipini ya majembe, nje ya nyumba yake. Sijawahi kusimama pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka mpini?"

"Hapana."

"Basi umepotea njia."

Akaendelea kuchonga. Nikamwambia. Nilisema haraka, kila kitu, hewa, mboga, daftari. Akanyanyua mkono.

"Rudia," akasema. "Taratibu. Nimesubiri sana kusikia haya, usinikimbize."

Nikarudia. Alikuwa anaitikia kila kipande, "Ndiyo," halafu ananyamaza mpaka niseme kingine. Nilipofika kwenye daftari alisimamisha shoka.

"Mwandiko wako mzuri," akasema. "Nilipouona hata mimi nilitaka kuuamini."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi hujafika kwangu bado. Hapa umepita tu."

Nikamwambia nitakwambia leo. Nikamwambia kesho baada ya misa nitasimama kwenye jumuiya niseme mbele ya walewale walioniletea uji, na bosi wa zamani, ambaye sasa yuko Arusha, nimeshamwandikia.  Akalipapasa gogo lake kutafuta mafundo. Mimi nikashindwa kuondoka. Mwisho nikauliza swali ambalo miaka tisa nimeliogopa kuliko polisi.

"Alisema nini, mzee? Pale aliponiita."

Akaliweka shoka chini.

"Alisema anatoka damu. Halafu akasema usitume gari la watalii, bosi wako atakufukuza, uende ukaombe la parokia. Akasema samahani kwa yale ya juzi, alikuwa anatania."

Nilikaa chini pale kwenye mabaki ya miti. Mimi nilidhani anakuja kunivunjia heshima mbele ya watu, Veronika. Na yeye, damu inamtoka, alikuwa anailinda kazi yangu.

"Kuna mengine," akasema mzee Akonaay. "Marefu kuliko hayo. Aliyasema pale pale hewani, na mengine kwenye gari, tulipokuwa tunapandisha. Hayo siyo yako. Ni ya mtoto. Nilikuja nayo kwenu siku moja."

"Naijua hiyo siku."

"Najua unaijua. Pazia lilicheza."

Nikamwambia unaondoka kesho alfajiri. Akasema, "Basi aje leo." Nikamuuliza kama bado anayakumbuka yote. Ndipo nikaona amekasirika, kwa mara ya kwanza. Akasema kila Jumapili huwa anayapitia kichwani tangu mwanzo mpaka mwisho, lisipotee hata neno, kwa sababu siyo mali yake.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, mama. Kule ulipo, nyuma ya shamba la mama yako mdogo, kuna mtu ambaye kwa miaka tisa amekutunzia maneno ya mama yako, na wewe na mimi tulikuwa tunamtukana. Yangu ndiyo makosa. Lako lilikuwa neno la mtoto aliyedanganywa na baba yake. Ukimfikia usijieleze sana. Anajua.

Mimi sikuombi chochote. Kesho nitaliweka sanduku kwenye basi na nitasimama kule mbali, karibu na wauza mikate. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, panda basi, nitaona limeondoka nitajua umefika salama mahali fulani mbali na mimi, na hilo nitalistahili. Ukiniandikia baada ya mwaka, nitasoma. Usiponiandikia, nitaendelea kwenda posta.

Na hayo atakayokwambia usiniletee. Hata ukinisamehe siku moja, hata nikikuomba. Yakae kwako.

Nyumba yake ina mlango wa bati la bluu, mbele kuna marundo ya mipini. Mwache mama yako mdogo apakue chakula, atakifunika. Mzee amesema atakuwa nje anachonga mpaka utakapofika. Nenda sasa hivi. Mwamkie, ukae chini, umwache aseme kwa mwendo wake.

Baba yako